Kufungua tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani, mpaka kusaini mkataba wa hali bora

Kisa hiki kimejirudia kwenye viwanda vingi vya Dar es Salaam, Tanga na Mwanza. Zamu ya asubuhi inagoma kuingia, mashine zinalala, watu wanasimama getini na mabango ya maboksi. Saa nne anafika meneja na swali moja: "Msemaji wenu nani?" Wanajitokeza wawili watatu. Kufika mwisho wa wiki hao wawili watatu hawana kazi, na waliobaki wamerudi kwenye mashine kwa mshahara uleule. Madai yao yalikuwa ya haki. Walichokosea ni kuanza na hatua ya mwisho.

Njia iliyoelezwa hapa inaanza na kufungua tawi la chama na kuishia kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja ya maslahi kati ya chama na mwajiri. Ni ndefu na haina msisimko. Ni karatasi, orodha, sahihi na kuhesabu siku. Lakini ndiyo njia ambayo mwajiri akiivuruga, mwenye kujieleza mbele ya sheria anakuwa yeye, si wewe.

Mwongozo huu ni wa sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 (Sura ya 366). Zanzibar wana sheria zao za mwaka 2005, na watumishi wa umma wana mabaraza na utaratibu wao. Sitaji namba za vifungu kwa makusudi, maana sheria imerekebishwa mara kadhaa na namba husogea. Siku ya kubishana na mwajiri, hakikisha ofisa wa chama amekuja na toleo la sasa.

Hatua ya 1: Hesabu watu

Chukua daftari, liache nyumbani, na kila jioni liongezee kidogo. Andika idara moja moja: uzalishaji, ufungashaji, ghala, karakana, usafi, ulinzi, jikoni. Kwa kila idara andika zamu, idadi ya watu, wanawake wangapi, aina ya mkataba, na nani anawalipa. Haya yanaulizwa wakati wa chai, bila kutangaza unachotafuta.

Namba unayoisaka ni moja tu, nusu ya wafanyakazi na mmoja juu yake. Chama chenye wanachama walio wengi katika kundi la wafanyakazi linalohusika ndicho mwajiri anachotakiwa kukitambua na kujadiliana nacho kwa niaba ya kundi zima. Bila namba hiyo mna tawi, lakini meza ya majadiliano hamna.

Yapo makundi yatakayokusumbua kwenye hesabu hii.

La kwanza ni vibarua. Utasikia, "Wewe ni wa kutwa, mambo ya chama hayakuhusu." Si kweli. Haki ya kujiunga na chama ni ya kila mwajiriwa, na Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa: kwamba anafanya kazi chini ya maelekezo ya huyo bosi, saa zake zinapangwa na bosi, anamtegemea kiuchumi, anatumia vifaa vya bosi, au amefanya kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kibarua wa kiwandani anayeingia siku sita kwa wiki humaliza saa hizo ndani ya wiki ya kwanza. Mwambie atunze chochote kinachothibitisha siku zake: kadi ya getini, picha ya daftari la mahudhurio, ujumbe wa malipo kwenye simu. Siku moja ataulizwa.

La pili ni walioletwa na kampuni ya wakala. Hawa waandike ukurasa wao. Angalia mkataba wao umesainiwa na nani na mshahara unatoka kwa nani, kwa sababu mwajiri atakuja na hoja kwamba si watu wake ili akuvurugie hesabu ya walio wengi.

La tatu ni wasimamizi. Watu wengi wanadhani supavaiza haruhusiwi kuwa mwanachama. Sheria inawatenga wale wa ngazi ya juu ya menejimenti tu, yaani mtu anayetunga sera kwa niaba ya mwajiri na mwenye mamlaka ya kusaini makubaliano ya pamoja kwa niaba yake. Msimamizi wa zamu anayehesabu maboksi hayumo humo. Kama ni busara kumwambia mapema ni suala jingine, na wewe ndiye unayemjua.

Mwisho ni wageni wa kazi. Mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hajafunikwa na kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Ajiunge, lakini jina lake lisiwe la kwanza kwenye orodha wala asitumwe kupeleka barua. Kumbuka pia kwamba miezi hiyo sita inahesabiwa hata kama mtu amepitia mkataba zaidi ya mmoja kwa mwajiri yuleyule. Kuna waajiri wanaodhani wakikatisha mkataba kila baada ya miezi mitatu hesabu inaanza upya.

Hatua ya 2: Chagua chama

Mnaweza kuanzisha chama kipya. Sheria inataka mkutano wa waanzilishi wasiopungua 20, katiba, na maombi kwa Msajili ndani ya miezi sita. Ushauri wangu ni kuacha wazo hilo, isipokuwa kama vyama vilivyopo vimewashinda kabisa. Chama kipya hakina mwanasheria, hakina ofisi mkoani, na mwajiri anajua.

Vyama vilivyopo vimegawana sekta. TUICO ni ya viwanda, biashara na fedha. CHODAWU inashika hoteli, hifadhi na kazi za majumbani. TPAWU ni ya mashamba, kuanzia chai na mkonge hadi maua. TAMICO na NUMET zipo migodini. COTWU(T) ni ya uchukuzi na mawasiliano, na DOWUTA ya bandari. Vingi viko chini ya shirikisho la TUCTA.

Kabla ya kujaza chochote, nendeni watu watatu ofisi ya chama ya mkoa na muulize maswali magumu. Mara ya mwisho mmesaini mkataba wa hali bora na kiwanda kama chetu lini, na nakala tunaweza kuiona? Ada ni kiasi gani? Katika ada hiyo, tawi linarudishiwa ngapi? Mtu wetu akifukuzwa, nani atakuja naye kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi? Kwa miaka mingi asilimia 2 ya mshahara imekuwa kiwango cha kawaida kwenye vyama vikubwa, na kwa mtu wa kima cha chini hizo si fedha za kupuuza. Ofisa akijibu kwa hotuba, jaribuni chama kingine kinachoruhusiwa kuandikisha sekta yenu.

Wazee wa kiwandani watawapinga zaidi ya vijana, na wana sababu. Mwaka 1964 vyama huru vilivunjwa na kikabaki kimoja, NUTA, kilichofungamanishwa na serikali na chama tawala, TANU. Mwaka 1978 kikaja JUWATA ndani ya CCM. Kwa kizazi kizima chama cha wafanyakazi kilikuwa kitu kilichokukata hela na kukuambia uongeze uzalishaji. Usibishane nao. Waonyeshe mkataba uliosainiwa na chama hichohicho kiwanda cha jirani, wenye posho na tarehe, waache wausome wenyewe. Na waambie ukweli huu: mwanachama anaweza kusitisha makato kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Zamani mlango huo haukuwepo.

Hatua ya 3: Fomu ya makato

Hapa ndipo tawi linapozaliwa au kufa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Fomu inayomruhusu mwajiri kukata ada ya chama inaitwa TUF 6. Inatoka ofisi ya chama. Kila mtu anajaza mwenyewe na kusaini mwenyewe. Usimjazie mtu hata kama amekuomba kwa simu, maana sahihi moja ya kughushi ikigundulika inatilia shaka zote. Jazieni nje ya eneo la kazi na nje ya saa za kazi: kwa mama ntilie, kituo cha daladala, nyumbani kwa mtu. Mwajiri anayetafuta sababu atafurahi sana kuandika kwamba ulikuwa unasambaza makaratasi wakati mashine inakungoja.

Majina yanayoandikwa yalingane na ya kwenye orodha ya mishahara. Mtu anayejulikana kazini kama Mama Zai lakini mshahara unaingia kwa jina jingine atarudishwa na uhasibu, na wewe utapoteza mwezi. Namba ya mfanyakazi iandikwe pia. Kisha piga picha kila fomu na uzihifadhi sehemu mbili, mojawapo isiwe simu yako. Kundi la WhatsApp la watu mia si mahali pa kuhifadhia siri. Ndani yake daima yumo anayemsomea bosi.

Sheria inaruhusu chama kufungua tawi mahali penye wanachama kumi au zaidi. Msikimbilie kumi. Tuseme kitengo cha uzalishaji kina watu 240. Walio wengi ni 121. Mkipeleka fomu 121, wakiitwa ofisini mmoja mmoja na wawili tu wakajitoa, mmebaki 119 na mwajiri anawaambia hamna wingi. Subirini zifike 150 hivi, na ziwe zimetoka kila idara na kila zamu. Fomu 150 za ufungashaji peke yake zinampa mwajiri nafasi ya kusema hao ni watu wa idara moja wenye ugomvi na msimamizi wao.

Zikishatosha, zipelekwe zote kwa siku moja, na ofisa wa chama kutoka mkoani, siyo wewe. Ziambatane na barua na orodha ya majina. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe ionekane. Wakikataa kugonga muhuri, barua itumwe kwa rejista ya posta na risiti itunzwe. Tarehe ndiyo mali yenu kuu kuanzia hapa, kwa sababu karibu kila haki iliyobaki inahesabiwa kuanzia siku mwajiri alipopokea karatasi.

Baada ya hapo mwajiri anatakiwa aanze kukata ada na kuipeleka kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwisho wa mwezi. Akichelewesha bila sababu ya maana, anadaiwa nyongeza ya asilimia 5 ya kiasi hicho kwa kila siku. Ni adhabu kali kuliko riba yoyote ya mtaani, na mara nyingi barua moja ya chama inayoikumbusha inatosha. Kila mwanachama aangalie hati yake ya mshahara: imekatwa? Imekatwa kiasi kile kile? Wapo waliokatwa miezi na chama hakijaona senti.

Hatua ya 4: Notisi ya haki za chama na uchaguzi wa wawakilishi

Chama kinampa mwajiri notisi kwenye fomu maalumu kwamba kinataka kutumia haki zake mahali pa kazi: maofisa wake kuingia, kuandikisha wanachama, kufanya mikutano na kupiga kura. Mwajiri ana siku 30 kukutana na chama na kukubaliana namna ya kuzitekeleza. Asipokutana, au msipokubaliana, suala linakwenda CMA, na likishindikana kule, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi.

Haki hizi zina masharti ya muda na mahali yanayokubalika ili kulinda maisha, mali na kazi isivurugike. Msidai mkutano saa tatu asubuhi katikati ya uzalishaji. Ombeni nusu saa ya mabadiliko ya zamu, kwenye bwalo, na ubao wa matangazo karibu na saa ya mahudhurio.

Kama hamkukubaliana vinginevyo, idadi ya wawakilishi inategemea wanachama: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na kumi na tano wakizidi 100. Wakizidi 100, watano angalau wawe wa kuwakilisha wanawake, kama wapo. Wawakilishi wana haki ya muda wa kutosha wenye malipo kufanya kazi hiyo.

Kwenye uchaguzi, mpiga kelele ana kura nyingi daima. Mpeni nafasi, lakini katibu awe mtu anayeandika. Katibu wa tawi asiyeandika muhtasari siku ileile atakuja kuulizwa mbele ya msuluhishi kikao kilikuwa lini, na atakuna kichwa.

Wakati huu menejimenti huwa na wazo jipya: "Tuna kamati yetu ya wafanyakazi, leteni hoja huko." Ingieni mkipenda, mnywe soda. Ila mkataba wa hali bora kisheria unasainiwa na chama kilichosajiliwa. Kamati iliyoundwa na meneja haina uwezo huo hata wajumbe wake wangekuwa malaika.

Akifukuzwa mtu katikati ya safari

Hii siyo hatua, lakini huwa inatokea, na kwa kawaida kati ya hatua ya tatu na ya tano. Kumfukuza mtu kwa sababu ni mwanachama, au kwa kushiriki shughuli halali za chama, ni kinyume cha sheria. Mwajiri hatasema hivyo, bila shaka. Ataandika utoro, lugha chafu, upotevu wa kifaa.

Kabla ya kufukuzwa kuna kikao cha nidhamu. Mtuhumiwa apewe tuhuma kwa lugha anayoielewa na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na ana haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Aingie na mtu, asiingie peke yake hata kama anajiamini. Na akiwekewa mezani barua ya kuacha kazi kwa hiari yake, na bahasha pembeni, asisaini siku hiyo. Aseme anakwenda kuisoma nyumbani. Barua hiyo ikishasainiwa, kesi inageuka: badala ya mwajiri kuthibitisha sababu, mfanyakazi ndiye anayehangaika kuthibitisha kwamba hakuacha kazi kwa hiari.

Akishafukuzwa, ana siku 30 kupeleka mgogoro CMA, kwa fomu CMA F1. Siku 30 za kalenda, siyo za kazi, kuanzia tarehe ya kuachishwa. Migogoro mingine, mfano malimbikizo ya malipo, ni siku 60. Fomu hupewa kwanza upande wa pili, kisha inapelekwa Tume na uthibitisho kwamba mwajiri ameipata. Ukichelewa, kuna fomu CMA F2 ya kuomba kuongezewa muda, lakini lazima utoe sababu ya kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nafuatilia kwa meneja aliyeniahidi atanirudisha" ni sababu inayoshindwa kila mara. Ahadi ya meneja isikulaze. Fungua mgogoro kwanza, mazungumzo yaendelee huku siku zikiwa zimelindwa.

Siku ya usuluhishi fika mapema. Mlalamikaji asipotokea, msuluhishi anaweza kuyatupa malalamiko. Mwajiri asipotokea, anaweza kuamua bila yeye. Mbele ya Tume mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa.

Hatua ya 5: Kutambuliwa

Chama kinatoa notisi nyingine, sasa ya kutambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano katika kundi lililotajwa: wafanyakazi wote wa uzalishaji, kwa mfano, au wote wasio menejimenti. Tena siku 30, tena Tume mkishindwana. Hapa mwajiri atataka fomu zihesabiwe, na hapo ndipo daftari la hatua ya kwanza linapolipa, kwa sababu mnajua idadi ya watu kuliko ofisi ya utumishi inavyodhani mnaijua.

Kutambuliwa hakudumu chenyewe. Wanachama wakishuka mpaka nusu au chini yake, mwajiri anaweza kutoa notisi ya miezi mitatu mrudishe wingi, la sivyo anaondoa utambuzi. Kila anayestaafu au kuhama aingizwe wa kumrithi.

Hatua ya 6: Kuandika madai

Watu wengi hupeleka madai yaliyochanganywa, na mwajiri huyachambua kwa urahisi. Gawanyeni karatasi mara mbili.

Upande wa kushoto andikeni yale ambayo sheria imeshatoa na hayatekelezwi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, siku zisizozidi sita, saa tisa kwa siku. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, hazizidi 50 ndani ya wiki nne, na siku nzima pamoja na ovataimu isizidi saa 12. Kazi ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Likizo ya mwaka ni siku 28. Uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 wakiwa pacha, na baada ya kurudi mama anapewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mambo haya hayajadiliwi wala hayabadilishwi na posho. Ni malalamiko, na yakikataliwa yanakwenda Tume kuamuliwa. Msikubali mwajiri "awape" ovataimu mara moja na nusu kama zawadi ya mkataba huku akiwanyima nyongeza ya mshahara.

Upande wa kulia ni maslahi, yaani yaliyo juu ya sheria. Hapa ndipo mnajadiliana kweli, na hapa maneno yawe ya kupimika. "Tunataka usafiri" haina maana. "Zamu inayotoka saa nne usiku ipewe gari mpaka Gongo la Mboto na Mbagala Rangi Tatu, au nauli ya bodaboda" ina maana, na uhasibu unaweza kuipigia hesabu. Andikeni hivyohivyo kwa chakula, bima ya afya ya familia, mchango wa msiba, viatu na barakoa vinavyobadilishwa kila baada ya muda uliotajwa, na vibarua wa siku nyingi kuingizwa ajira ya kudumu kwa awamu zenye tarehe.

Wekeni pia kipengele cha mabadiliko. Viwanda vinaleta mashine zinazofanya kazi ya watu wanane, zamu mbili zinageuzwa tatu, malipo ya mwezi yanageuzwa ya kipande. Sheria inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi masharti yake yanapobadilika na amwandikie mabadiliko hayo. Akitaka kupunguza wafanyakazi, lazima atoe notisi, atoe taarifa, na ashauriane na chama kinachotambuliwa kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Kiinua mgongo cha kisheria ni kidogo, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Kwa hiyo pandisheni kiwango hicho ndani ya mkataba sasa, wakati hakuna anayepunguzwa. Siku mashine mpya ikishashushwa getini, nguvu yenu ya kujadili imeshuka nayo.

Mwajiri analazimika kutoa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe ya maana. Ombeni kwa barua: idadi ya wafanyakazi kwa ngazi, wastani wa saa za ziada, gharama ya mishahara. Akisema kampuni inapata hasara, ombeni aonyeshe.

Hatua ya 7: Mkikwama

Mkishindwana kwenye maslahi, chama kinapeleka mgogoro CMA. Usuluhishi una siku 30. Ukishindikana, ndipo mgomo unaingia kwenye mazungumzo: uitishwe na chama, kura ipigwe kwa mujibu wa katiba ya chama, walio wengi kati ya waliopiga waukubali, na mwajiri apewe notisi ya saa 48. Mgomo uliopita njia hiyo unalindwa. Huwezi kufukuzwa kwa kushiriki, ingawa hutalipwa siku ambazo hukufanya kazi. Wekeni akiba kabla ya kupiga kura.

Haiwezekani kugoma kwa jambo ambalo mkataba uliopo umeshalimaliza, wala kwa malalamiko yale ya upande wa kushoto. Wafanyakazi wa huduma muhimu kama maji, umeme, afya, zimamoto na uongozaji ndege hawaruhusiwi, isipokuwa kwa masharti maalumu. Kufungia watu ndani, kuzuia wengine kuingia na kuweka vizuizi getini ni marufuku hata katika mgomo halali. Na mwajiri naye haruhusiwi kuleta watu wa kushika nafasi zenu katika mgomo halali.

Mara nyingi hamfiki huko. Matokeo ya kura yakishabandikwa, bei ya chakula cha mchana inayosemekana haiwezekani hugeuka ikawezekana.

Hatua ya 8: Kusaini

Mkataba uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote, na unaanza kufunga tangu sahihi ya mwisho. Nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Kama chama kimetambuliwa kuwa wakala pekee, mkataba unawafunga pia wasio wanachama wa kundi hilo, na hapo watu huuliza kwa nini wao wale bure. Mnaweza kukubaliana na mwajiri kuhusu ada ya uwakala: asiye mwanachama anakatwa kiasi kisichozidi ada ya mwanachama, na fedha hizo zinakaa akaunti yake tofauti. Halazimishwi kuwa mwanachama. Kielezeni hicho kipengele kwa upole kabla mshahara haujatoka, maana makato ya kushtukiza yanaleta chuki ya mwaka mzima.

Someni kila ukurasa kabla ya sahihi, wawakilishi wote, siyo mwenyekiti peke yake. Angalieni maneno "kadiri hali itakavyoruhusu" na "kwa hiari ya menejimenti". Yafuteni au yawekeeni tarehe na kiasi. Andikeni mkataba unaisha lini na mazungumzo ya unaofuata yanaanza mwezi gani, kwa sababu mkataba usiosema muda unaweza kuvunjwa na upande wowote kwa notisi ya kutosha. Nakala moja ibandikwe ubaoni, nyingine ikae kwa katibu, ya tatu iwe nyumbani kwa mtu asiye katibu.